Kuitwa Kortini Si Kuhukumiwa

Bwana Mhariri na ndugu zetu wanachama,

Twaomba nafasi katika kurasa hizi tuseme juu ya jambo ambalo watu hulinong'ona tu, nalo ni hali ya mtumishi wa Serikali aliyekamatwa na polisi, kisha akafunguliwa kwa dhamana na kupewa karatasi ya kumwita kortini. Mwenzetu akipatwa na jambo hili, tangu siku ile hupunguza maneno, hukwepa macho ya watu, na karatasi ile huikunja akaitia chini kabisa ya sanduku. Sisi nasi tukipata habari, twajifanya hatukusikia. Kwa maoni yetu kimya hicho chadhuru kuliko kukamatwa kwenyewe.

Kwanza na ifahamike ya kuwa kukamatwa si kuhukumiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, yasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe kinyume chake. Kifungu cha 49 chaagiza aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha aifahamuyo, aruhusiwe kusema na wakili, na aletwe mbele ya korti kabla ya kupita saa 24, au, saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, kabla ya kwisha siku ya korti inayofuata. Kufunguliwa kwa dhamana ni haki yake, isipokuwa iwepo sababu nzito ya kumzuia. Basi aibu yatoka wapi?

Ajabu ni kwamba sisi tushindao kutwa tukisoma karatasi za watu, na kumrudisha mwananchi nyumbani kwa sababu tarehe moja imekosewa, ikija karatasi yetu wenyewe hatuisomi. Na isomwe neno kwa neno: ni korti gani, tarehe gani, saa ngapi, kosa gani limetajwa, na namba ya O.B. ni ipi. Ikiwa fedha zilitolewa, na iulizwe stakabadhi, kwa maana fedha za dhamana si faini wala si ada; ni amana, nazo hurudishwa shauri likiisha, ikiwa mshtakiwa alihudhuria siku zote alizoitwa. Kama ni ndugu aliyezitoa, stakabadhi iandikwe kwa jina lake, asije akazidai bure. Na usiku ule ule mwenye shauri aandike yote: mahali, saa, maneno yaliyosemwa, na majina ya waliokuwapo. Shauri laweza kukaa miezi mingi, na kichwa cha mtu si kabati ya mafaili.

Wako wasemao, "Mkuu wa afisi akijua, kazi imekwisha." Twawajibu hivi. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai yataka samansi ya mtumishi wa Serikali kwa kawaida ipelekwe kwa mkuu wa afisi yake, naye ahakikishe amepewa. Ni siri gani hiyo ipitayo mezani pa mkuu? Afadhali asikie kwako, kwa barua fupi ya adabu yenye tarehe ya korti na ombi la ruhusa, kuliko kusikia kwa mwingine. Kweli, yako mashtaka yenye uzito wa namna yake: sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2003 yaagiza mtumishi wa umma aliyeshtakiwa kwayo asimamishwe kazi kwa nusu mshahara tangu siku ya kushtakiwa, mpaka shauri liishe. Lakini hata huyo kujificha hakumwokoi. Akikosa siku yake, hutolewa hati ya kumkamata, dhamana yaweza kupotea, na mdhamini, pengine shemeji aliyeweka hati ya shamba, huitwa aeleze kwa nini asilipe. Aliyekuwa na taabu moja sasa ana tatu. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Yako makosa mawili ambayo twapenda kuwaonya wenzetu. La kwanza ni kumwendea mtu wa kati aahidiye kwamba kwa noti chache faili litapotea. Zipoteazo ni fedha, na mwenye shauri dogo la ugomvi wa jirani hujipatia shauri kubwa la rushwa. La pili ni kukiri kosa ambalo mtu hakulitenda, ili alipe faini arudi kazini upesi. Faini hulipwa siku moja, bali hatia humfuata mtumishi miaka mingi. Katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza wazi: shtaka lisomwe na kufafanuliwa kwa lugha aifahamuyo mshtakiwa, majibu yake yaandikwe, kisha habari za kosa zielezwe, naye aulizwe kama azikubali, akizipinga, ihesabiwe kuwa amekana. Basi asiyefahamu aseme, "Sijafahamu," na asiyetenda aseme, "Si kweli." Huo si ujeuri mbele ya hakimu. Asiye na uwezo wa wakili na aulizie mapema msaada uliowekwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, asingoje asubuhi ya shauri.

Watu watasema kwamba Chama kikijihusisha na mambo haya kitaitwa chama cha wahalifu. La hasha. Mwenzetu akilazwa hospitali twaenda kumtazama bila kuuliza nani aliyemletea ugonjwa, akifiwa twachanga. Kwa nini akiitwa kortini aende peke yake? Hatuombi Chama kimtetee mkosaji wala kuingilia kazi ya hakimu. Twaomba katika mkutano ujao kila tawi lichague watu wawili wenye busara, ambao mwanachama aliyeshikwa aweza kuwaendea bila haya, wasome naye karatasi yake, wamsaidie kuandika barua kwa mkuu wake, na siku ya korti mmoja aketi katika viti vya nyuma, ili mwenzetu akigeuka aone uso anaoujua.

Jambo hili halina gharama kubwa. Lataka tu tuache kunong'ona.

Ni sisi wenzenu katika kazi.