Mgonjwa wa Kifua Tumuulize Pia Kuhusu Dari

Mama mmoja mkazi wa Nakwa, mjini Babati, alimleta mwanawe kliniki kwa mara ya nne katika msimu mmoja wa baridi. Mtoto alikohoa usiku, akatulia mchana, akakohoa tena alfajiri. Antibayotiki alikwishapewa, na mara mbili aliyeziandika nilikuwa mimi. Makohozi yalipimwa kifua kikuu, vimelea havikuonekana. Alipokuwa akiaga, mama akasema kama mtu anayegusia jambo jingine kabisa: "Daktari, labda ni lile bati. Linavuja alfajiri hata kama mvua haijanyesha."

Bati halivuji pasipo mvua. Maji yale yalitoka ndani ya nyumba yenyewe.

Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai, anga likiwa wazi, bati hupoteza joto hata likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Chini yake wamelala watu watano au sita wanaopumua. Jioni sufuria ya makande ilichemka kwa saa nyingi. Sare za shule zimeanikwa chumbani. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 huweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke, lakini ikipoa hadi nyuzijoto 10 hubeba kama gramu 9 tu. Mvuke unaozidi hugeuka maji kwenye bati, hutiririka juu ya kenchi na kuta, na hapo kuvu huota. Mwenye nyumba hudhani misumari imelegea. Hununua lami, huziba, na kesho yake maji yanadondoka vilevile.

Upepo ushukao kutoka Mlima Kwaraa hauna huruma, hivyo watu husokota matambara katika upenyo kati ya ukuta na bati, hufunga madirisha, na wengine huingiza jiko la mkaa chumbani. Nyumba iliyozibwa hivyo bila dari huzidi kuloa, na mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu iuayo watu usingizini. Nasi wahudumu wa afya, kwa hofu ya kifua kikuu, huwaambia wafungue madirisha, bila kuuliza watoto watalalaje katika baridi hiyo. Ushauri huo ni sahihi, lakini kwa nyumba isiyo na dari hautekelezeki usiku wa Julai.

Wagorowa na Wairaqw wa zamani walijenga tembe, zenye paa la udongo mzito juu ya miti. Sizisifii kupita kiasi, kwani moshi wake uliumiza macho na mapafu. Lakini paa lile halikupoa ghafla kama bati. Tulipohamia kwenye bati tulipata paa jepesi lisiloliwa na mchwa, tukasahau kurudisha kile kilichokuwa kikihifadhi joto.

Kinachohitajika ni dari lisilo na mianya, na juu yake tabaka la kuhami joto, iwe karatasi za alumini zenye mapovu ya hewa au sufi ya nyuzi za kioo. Nafasi iliyo kati ya dari na bati iachwe ipumue, kwa matundu yenye wavu katika kuta za pande mbili zinazokabiliana. Upepo upite juu ya dari, si juu ya kitanda. Mafundi wengi huyaziba matundu hayo kwa nia njema, na unyevu hugandia huko juu usionekane. Nimeulizwa kuhusu makapi ya mpunga kutoka Magugu: yakiwa makavu huhami joto vizuri, lakini hukaribisha panya na hushika moto, nami nisingeyalaza karibu na nyaya za umeme.

Kupaka chokaa juu ya kuvu hakuponyi kitu. Mwaka 2020 huko Rochdale, Uingereza, alifariki Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili wa wazazi kutoka Sudan. Mwaka 2022 uchunguzi rasmi ulithibitisha kuwa kuvu ndani ya nyumba yao ya kupanga ndiyo iliyosababisha kifo. Baba yake alipolalamika, alishauriwa apake rangi. Kwa upande mwingine, utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha kaya 1,350, ulionyesha kuwa nyumba zilizowekewa tabaka la kuhami joto zilikuwa kavu na zenye joto zaidi, na watoto wake walikosa shule siku chache zaidi.

Gharama ni kizuizi cha kweli. Kwa mwenye uwezo mdogo nashauri aanze na chumba kimoja, kile alalamo mgonjwa, na nguo mbichi zianikwe nje. Dawa ya pumu isiachwe, na kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu kama kawaida.

Mtoto yule sasa analala chini ya dari. Pampu yake bado anaitumia, ila baridi iliyofuata alikuja mara moja tu. Faili zetu zina nafasi ya umri, kazi na makazi ya mgonjwa. Nafasi ya dari haimo, hivyo naiandika pembeni kwa kalamu.