Mke Akitoka Mume Yuko Safarini



Ndugu yangu katika imani, kisa hiki kinanifikia kwa sura nyingi lakini ni kimoja. Mume yuko kazini mbali, miezi sasa. Mama mzazi wa mke akaugua. Mke akapiga simu, haikupokelewa, akavaa buibui lake akaenda kumuuguza mama yake, jioni akarudi. Mume alipopata habari akasema: "Umetoka bila idhini yangu, wewe ni nashiza, nafaqa yako imeanguka." Na mwezi ule hakutuma kitu.

Tuseme kweli kwanza. Mke kutoka kwa ruhusa ya mumewe ni jambo lililothibiti katika fiqhi, na anayetoka kwa kuasi nafaqa yake husimama. Sitalipunguza hilo ili kumfurahisha mtu. Tatizo ni kwamba waume wengi wamelihifadhi hilo tu, halafu wakafunga kitabu.

Kifungue tena. Sisi wa pwani wengi wetu ni Mashafi. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa mke akitoka wakati mume hayupo, kwa kuzuru jamaa na mfano wa hilo, nafaqa yake haianguki. Washereheshaji wakabainisha: maadamu hakutoka kwa ukaidi. Sasa huyo bwana hukumu yake kaitoa wapi?

Kitabu hicho hicho kinasema mume akishindwa kutoa nafaqa hupewa muhula wa siku 3 kabla ya ndoa kuvunjwa, na ndani ya muhula huo mke ana ruhusa ya kutoka kujitafutia riziki. Ndoa bado ipo, na mlango uko wazi! Basi wewe usiyetuma hata shilingi, unamkataza kwa mdomo gani asiende kuuza maandazi yake?

Utaniambia: "Shehe, mimi nina wivu na mke wangu." Wivu ni jambo jema kwa Muislamu. Lakini una wivu kumshinda Sayyidna Umar (r.a.)? Amepokea Imam Bukhari kuwa mkewe alikuwa akienda kuswali Isha na Alfajiri msikitini, nyakati za giza hizo. Akaulizwa mbona anatoka ilhali anajua Umar halipendi hilo na ni mtu wa wivu. Naye akauliza, kwani kipi kinamzuia asinikataze? Akajibiwa kuwa kinachomzuia ni kauli ya Mtume (s.a.w.) kwamba wanawake wasizuiwe misikiti ya Mwenyezi Mungu. Tazama hapo, ndugu yangu. Umar hakuacha kuchukia. Alichukia akanyamaza, kwa sababu alijua mamlaka yake nyumbani yana mkubwa wake.

Nawe unayesafiri, toa idhini ya jumla kabla hujapanda chombo: kwa wazazi wake, hospitali, sokoni, darsani. Usimfanye mtu mzima angoje simu yako huku mamake anapumua kwa shida.

Na wewe dada uliyekatiwa nafaqa kwa jambo kama hili, nenda kwa Kadhi. Kwenda kudai haki yako huko hakuhitaji ruhusa ya mume. Chukua cheti chako cha ndoa, na jumbe zake za simu usizifute.

Wallahu a'lam.