"Imepimwa kwa Panya": Maneno Yasiyotosha Langoni pa Kanisa



Nyuma ya bwalo letu la chakula kuna miarobaini minne iliyopandwa na mapadre waliotutangulia. Kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kivuli. Mara mojamoja frateri mwenye homa au vipele huchuma majani na kuyachemsha kama alivyofundishwa na bibi yake, na hakuna aliyewahi kuhoji. Mwaka huu swali limekuja, na limekuja pamoja na pesa.

Mfadhili mmoja, mtu mwema anayeipenda seminari, ametushauri tukamue majani na mbegu, tujaze kwenye chupa, tubandike lebo na kuuza langoni baada ya Misa ya Dominika. Amekwisha kuleta katoni mbili za chupa tupu, pamoja na lebo ya mtengenezaji mwingine iwe mfano wetu. Lebo hiyo ina orodha ndefu ya magonjwa, kuanzia kisukari hadi upungufu wa nguvu za kiume, na chini yake imeandikwa: "Imepimwa kwa panya. Haina sumu. Haina madhara." Paa la bweni linavuja na hesabu za mfadhili zinavutia. Katika kikao cha mafrateri wengi waliunga mkono. Sisi wachache tuliopewa kazi ya kuandaa maoni kwa Baba Gombera tuna msimamo mwingine, na tumeona tuuandike hapa kwa sababu chupa za namna hii ziko kwenye malango ya parokia nyingi.

Tulimwuliza mfadhili: panya wangapi? Walipewa majani au mbegu? Dawa ilichemshwa kwa maji au ililowekwa kwenye spiriti? Kwa siku ngapi? Kwa unyofu alisema hajui. Akampigia mtengenezaji, naye akasema atatujibu. Hajajibu.

Maswali hayo si ukorofi wa wanafunzi wa falsafa. Neno "imepimwa" linaweza kuwa na maana nyingi. Jaribio la kwanza na rahisi kuliko yote ni la dozi moja: panya hupewa dawa mara moja, mara nyingi miligramu 2000 kwa kila kilo ya uzito wake, kisha huangaliwa kwa siku 14. Asipokufa, asipotetemeka wala kukonda, mtafiti huandika kwamba kiwango cha kuua kiko juu ya hapo. Basi. Panya wa gramu 200 amepata miligramu 400, siku moja tu. Wala huwezi kuchukua kipimo kile ukakizidisha kwa kilo zako, maana mwili mdogo wa panya huchakata dawa upesi kuliko wetu. Kwa kawaida wataalamu huigawa dozi ya panya kwa takriban 6 ili kukadiria inayolingana nayo kwa mtu mzima.

Baada ya hapo ndipo huja majaribio yenye uzito. Panya hupewa dawa kila siku kwa siku 28, au kwa siku 90, wakiwa na wenzao wanaopewa maji matupu kwa ajili ya kulinganisha. Damu hupimwa kuona hali ya ini na figo, na mwisho wanyama hupasuliwa na viungo vyao kutazamwa kwa hadubini. Kuna majaribio mengine kwa ajili ya mimba, na mengine ya saratani ambayo huchukua hadi miaka miwili. Lebo ya langoni haisemi ni lipi kati ya hayo lililofanyika. Mama wa jumuiya yetu atakunywa kijiko asubuhi na jioni kwa miezi sita, na huenda ushahidi wote alio nao ni wa panya aliyekunywa mara moja.

Upande wa tiba nao una mitego yake. Ili kupima dawa ya kisukari, panya mara nyingi hudungwa kemikali inayoitwa aloksani au streptozotosini, ambayo huharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Sukari inapanda, kisha wanapewa dawa ya mti, na sukari ikishuka watafiti hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini panya yule ameugua kwa sindano, siku chache zilizopita. Mzee wetu wa kigango ameishi na kisukari miaka 15 na anameza vidonge vya hospitali kila siku. Akiongeza juu yake kitu kinachoshusha sukari kwa kiasi asichokijua, anaweza kuanguka akiwa shambani peke yake. Akiacha vidonge kwa sababu ya chupa aliyoinunua kanisani, hilo ni baya zaidi, na sisi tutakuwa tumemsaidia kuviacha.

Katika kikao tuliambiwa kwamba mababu walitumia miti hii na hawakuwa na panya. Ni kweli, nasi hatuwadharau. Mababu walijua vizuri mti unaoua siku ileile. Sumu inayokula figo polepole kwa miaka ingejulikanaje, wakati kifo chake hakifanani na kuinywa? Mfano mchungu ulitokea Brussels, Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliokuwa wakipunguza uzito katika kliniki moja walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Kinachotuuma ni tarehe. Mwaka 1982, yaani takriban miaka kumi kabla, watafiti wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kuchapisha kwamba asidi iliyomo katika mimea hiyo iliwasababishia panya saratani. Panya walitoa onyo, na bado mmea ukafika kwenye vidonge.

Tusiende mbali na mwarobaini wenyewe, mti ambao jina lake linatukumbusha magonjwa arobaini. Mwaka 1981 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha habari za watoto wadogo wa Malaysia waliopewa mafuta ya mbegu za mwarobaini na wazazi wao, kwa mapenzi mema kabisa, wakapatwa na kutapika, degedege na kupoteza fahamu. Baadaye wanyama wa maabara waliopewa mafuta hayo walionyesha madhara kwenye ini yaliyosaidia kueleza kilichowapata watoto. Majani na mafuta ya mbegu ni vitu viwili, ingawa vimetoka mti mmoja. Pia kuna utafiti kwa panya ulioonyesha kwamba mwarobaini unaweza kuzuia mimba au kuiharibu, na huko India ulichunguzwa kama njia ya kupanga uzazi. Mfadhili wetu alitaka tukamue majani na mbegu pamoja. Nani langoni angemwuliza kila mama kama ni mjamzito?

Msomaji asidhani tunachukia dawa za miti. Tu Youyou wa China alisoma vitabu vya kale vya tiba, akakuta mmea wa artemisia, ambao hapa kwetu wengine huuita pakanga. Dawa ya kuchemsha haikutoa majibu ya kuaminika kwa panya wenye malaria. Akaacha kuchemsha, akatumia etha kwa joto dogo, na mnamo Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikawasafisha panya vimelea vyote. Dalili za wasiwasi zilipoonekana kwa baadhi ya wanyama, yeye na wenzake walikubali kuinywa wenyewe mwaka 1972, chini ya uangalizi wa hospitali, kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel. Tazama kwamba mmea ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni namna ya kuikamua. Kwa hiyo panya aliyepewa dawa ya spiriti hawezi kuitolea ushahidi dawa yako ya kuchemsha.

Hata vinka, lile ua dogo lenye asili ya Madagaska tunalolipanda mbele ya nyumba, lilipelekwa maabara ya Kanada miaka ya 1950 kwa sababu huko Jamaica lilisifiwa kutibu kisukari. Sukari ya wanyama haikushuka vya kutosha. Panya waliodungwa dawa hiyo wakafa kwa maambukizi, na watafiti walipochunguza walikuta chembe nyeupe za damu zimepungua mno. Kutokana na vifo hivyo ikapatikana vinblastini, dawa ya saratani inayotumika hadi leo. Kama wangeridhika kuuza chai ya kisukari, wangewanyima wagonjwa kinga ya mwili huku wakiwashukuru kwa kununua.

Sisi Watanzania tuna kumbukumbu yetu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu, wakiwemo majirani kutoka Kenya, walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mugariga kwa shilingi 500. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Wapo walioacha dawa za UKIMWI. Watu walikunywa kwanza. Upimaji ukafuata nyuma yao. Baadhi ya ndugu zetu walikuwa katika magari yale, kwa hiyo hatuandiki haya kwa kucheka.

Kuna jambo la mwisho ambalo kikaoni halikuguswa, nalo ni panya wenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2417 na 2418, inakubali majaribio ya tiba kwa wanyama yakiwa na kiasi na yakisaidia kutunza au kuokoa maisha ya watu. Papo hapo inasema kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya binadamu. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inawagusa wanyama wa maabara. Russell na Burch wa Uingereza waliandika mwaka 1959 kwamba mtafiti atafute njia mbadala ya mnyama, apunguze idadi, na apunguze maumivu. Kwa maoni yetu, jaribio lisilo na kundi la kulinganisha, lisilosema ni sehemu gani ya mti, ambalo matokeo yake yanaishia kuwa mstari mmoja wa tangazo, limemtesa mnyama bure. Limemdanganya na mgonjwa pia.

Waliotaka tuuze walitusomea Yoshua bin Sira sura ya 38, kwamba Mungu ameziotesha dawa katika ardhi. Sura hiyohiyo inaanza kwa kutaka tabibu apewe heshima yake. Tungependa isomwe yote.

Maoni tuliyompelekea Baba Gombera ni haya: seminari isiuze chupa yoyote. Kama nia ya kutengeneza dawa ipo kweli, twende Taasisi ya Dawa Asili ya Muhimbili na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, tuulize gharama na miaka inayohitajika, kisha tumrudishie mfadhili jibu lenye tarakimu. Kwa paa la bweni tumependekeza mavuno maalumu, na miche ya miarobaini iuzwe kama miche ya kivuli.

Mfadhili amekubali kuja Jumamosi tuzungumze. Katoni zake mbili ziko stoo, hazijafunguliwa, na mvua za masika zimeanza.