Mkonge Ukutani, Ushairi Uvunguni

Mtu akiulizwa leo ni sanaa gani iipambe stesheni mpya ya Tanga, ile ya reli ya kisasa ambayo mipango ya taifa imeitaja kwa miaka mingi kuwa itatoka pwani kwenda Arusha na hatimaye Musoma, jibu halimchukui muda. Mkonge. Mche mmoja mkubwa wa saruji mbele ya lango, majani yamechongoka kama mikuki. Na ndani, juu ya dirisha la tiketi, twiga wawili na Mlima Kilimanjaro nyuma yao. Reli yenyewe ingali katika makaratasi, lakini picha hii imekwisha kutandikwa vichwani. Ndiyo sababu yafaa ibishwe sasa, kabla ya zabuni kuandikwa, maana saruji ikishakauka haibishiki.

Hofu hii haikutoka hewani. Stesheni za reli mpya zilizokwisha kujengwa nchini zinaonyesha upepo unakovuma. Treni za umeme zilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, mwezi Juni hadi Morogoro na mwezi Julai hadi Dodoma, wasafiri walikuta majengo makubwa, masafi, yenye nuru na viti vya kutosha. Hakuna wa kuyabeza kwa hayo. Jengo la Dar es Salaam limekatwa pembe pembe mfano wa tanzanaiti, jiwe lichimbwalo Mererani, mkoani Manyara, mamia ya kilomita kutoka huko Dar es Salaam. La Morogoro linafuata safu ya milima ya Uluguru. Na siku ya uzinduzi rasmi, tarehe 1 Agosti 2024, stesheni kubwa zikapewa majina ya viongozi wa nchi: ya Dar es Salaam jina la Magufuli, ya Dodoma jina la Samia.

Basi msafiri anapewa jiwe, mlima na rais. Anachokosa ni sanaa. Umbo la jengo ni kazi ya msanifu majengo, nayo ni kazi ya heshima. Lakini umbo halizungumzi na mtu aliyeketi chini ya paa lake. Tanzanaiti ile huonekana vizuri na aliye ghorofani ng'ambo ya barabara, au aliye ndani ya ndege. Bibi aliyekalia tenga lake la machungwa akisubiri treni haioni. Yumo ndani ya kito, na kito hakimwambii kitu. Ndugu zetu wa Mombasa wanayajua haya tangu mwaka 2017, walipofunguliwa stesheni ya Miritini ambayo duara zake zilisanifiwa kufuata mawimbi ya maji. Mawimbi hayo nayo yataka mtu apae ili ayaone.

Turudi kwenye mkonge, maana ndio utakaoletwa Tanga, na utaletwa kwa jina la historia. Historia gani? Miche ya kwanza ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani. Katika miche elfu moja iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutoka hiyo 62 yakazuka mashamba yaliyoenea kutoka ukanda wa pwani hadi Korogwe na kupita, na Tanga ikawa mji wa kamba na bandari ya magunia. Haya yote ni kweli. Lakini mkonge haukujikata wenyewe. Ulikatwa na manamba, watu waliotolewa bara, mbali na makwao, wakaja wakiwa na namba badala ya majina. Na hilo jina la kazi yao, manamba, ndilo lililobaki katika lugha yetu kuwa ushahidi. Sanamu ya mkonge isiyokuwa na manamba ni tangazo la shamba. Ni jambo la ajabu kwamba mmea unaweza kupewa jiwe la ukumbusho mbele ya stesheni, na aliyechomwa na miiba yake asipewe hata mstari mmoja. Wajukuu wa watu hao wamo Tanga hadi leo, Makorora, Ngamiani na Msambweni, nao ndio watakaonunua tiketi.

Hapa ndipo penye ubishi wenyewe. Nembo ni kitu kinachotambuliwa kwa mara moja na kuachwa. Mtu akiuona mkonge husema "Tanga", akapita. Kesho hauoni tena. Sanaa ya mahali pa kusubiria yapasa iwe na tabia kinyume cha hiyo: imngoje mtu, imrudie, impe leo alichokosa jana. Stesheni ni mahali pekee mjini ambapo tajiri na maskini hulazimishwa kukaa bila kazi kwa saa nzima wakitazama ukuta mmoja. Kuwapa watu hao picha ya twiga, mnyama asiyepita Makorora usiku wala mchana, ni kuwafanya watalii katika mji wao. Na isisemwe kwamba huku ni kuwadharau wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora alichokiona na alichokisikia. Wanaomwiga kwa maagizo ya ofisi huchora alichokwisha kukiona yeye.

Je, watu wa mwambao huu wana sanaa gani iliyokuwa ya wote, ikakaa hadharani, ikatazamwa na mpita njia bila kulipa kiingilio? Wana neno. Kwenye mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, limo andiko la mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Katika milango ya miji yetu ya kale, maandishi huchongwa kwenye kizingiti cha juu, pale ambapo jicho la mgeni huanzia. Kule Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, makaburi ya minara yalipambwa kwa bakuli za ng'ambo zilizopachikwa kwenye chokaa ili msafiri azione na ajiulize nani amelala pale. Na leo hii, mwanamke wa Makorora ashukaye kwenye daladala kwenda kupanda basi la Kange amevaa neno mgongoni. Khanga yake ina jina, jina lina fumbo, fumbo lina mlengwa, na huenda mlengwa yumo katika basi lilo hilo. Mabasi nayo yameandikwa nyuma, majahazi yameandikwa ubavuni. Katika safari nzima ya mtu wa pwani, kitu pekee kilicho bubu ni jengo la serikali.

Wala Tanga si mji wa kuazima maneno. Hemedi bin Abdallah el-Buhry aliwatungia watu wa huko utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, akaipa habari yake mwaka wa 1307 Hijria. Wadachi hao hao wakaanza kutandika reli ya Usambara kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896 na Moshi mwaka 1911. Kwa hiyo mambo ya watu walioleta reli yamo katika utenzi wa Kiswahili wa zama zile zile, kwa kauli ya upande uliotamalakiwa. Ni stesheni ngapi duniani zenye bahati hiyo? Na bado hakuna mpangaji wa majengo aliyesikika akisema beti zake ziwekwe mahali ambapo treni husimama.

Kisha yuko Shaaban Robert. Amezaliwa Vibambani, karibu na Machui, tarehe 1 Januari 1909. Akazikwa Machui baada ya kufariki tarehe 20 Juni 1962. Mwanafasihi huyu alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi. Alikula mshahara wa mizigo iingiayo na itokayo, akihesabu marobota mchana na vina usiku. Pasingepatikana mtu afaaye zaidi kuhifadhiwa katika nyumba ya wasafiri. Pia asifanywe sanamu tu. Sanamu ya mtu mwenye kanzu na kofia, bila mstari wake mmoja chini, ni nembo nyingine, na watoto watapiga picha nayo wasijue aliandika nini. Kama ni lazima stesheni ipewe jina la mtu, basi liwe lake. Viongozi wanazo barabara, viwanja vya ndege na noti.

Yapo majibu yaliyozoeleka dhidi ya rai hii. Husemwa kwamba abiria ana haraka, hana nafasi ya kusoma mashairi. Asemaye hivi hajapata kusubiri basi. Husemwa kwamba mgeni hataelewa Kiswahili. Mgeni aendaye Paris haelewi Kifaransa, na hakuna aliyewafutia Wafaransa maandishi yao kwa ajili yake. Atauliza, na aliyeketi kando yake atamfasiria, na hapo mazungumzo yataanza. Husemwa tena, kwa sauti ya chini, kwamba ukuta wa maneno ni wa miji iliyosoma, si wa Ngamiani. Hoja hii ndiyo mbovu kuliko zote. Mji wa London ulianza mwaka 1986 kubandika mashairi ndani ya magari ya treni za chini ya ardhi, kwa rai ya mwandishi Judith Chernaik, tena katika nafasi zilizokuwa za matangazo ya biashara. Hao ni watu ambao kwao ushairi umekwisha kuwa mambo ya vitabu na vyuo. Tanga ni mji ambao mwashi, mvuvi na muuza kahawa bado wanaweza kugombana juu ya mizani iliyopungua. Kama London imethubutu, Makorora inaogopa nini?

La nne lina uzito zaidi, na halistahili kupuuzwa. Husemwa kwamba ukiruhusu ushairi ukutani, utapata sifa za wakubwa. Kwa hili washairi wenyewe wana deni. Wengi wameitwa kwenye sherehe, wakasimama mbele ya kipaza sauti, wakaimba sifa za mradi ambao hawakuwa wameuona, wakapewa bahasha na soda. Ngonjera, ambayo Mathias Mnyampala aliikuza ili ifunze na kujibizana, iligeuzwa mara nyingi kuwa kasuku wa Azimio. Ushairi wa namna hiyo ukichongwa kwenye kigae utakuwa mbaya kuliko mkonge wa saruji. Mkonge angalau haudanganyi. Lakini dawa ya mashairi mabaya haijapata kuwa ukuta mtupu. Dawa ni kuwa na mashairi ambayo hayakuagizwa na aliyejenga. Washairi wa nchi hii waliwahi kuunda chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania wakakifupisha UKUTA, na ni kejeli ya aina yake kwamba wenye UKUTA hawajapewa ukuta hata mmoja wa kuandikia.

Namna ya kuufanya huo ukuta si ngumu. Zabuni ya jengo itenge fungu la maandishi tangu mwanzo, kama inavyotenga fungu la vyoo na la taa, ili lisije likawa sadaka ya mwisho. Maandishi yawekwe usawa wa macho ya mtu aliyeketi, si juu dari ambako husomwa na popo. Yawe kwa herufi kubwa za kigae, na beti za kale ziandikwe kwa hati zote mbili, ya Kirumi na ya Kiarabu, maana wazee wa Tanga wangali wanazo barua za baba zao kwa hati ile. Sehemu moja ya ukuta iwe ya kudumu. Nyingine ibadilike kila mwaka, kwa mashindano yatakayosomwa hadharani Makorora na Ngamiani, siku ya jioni, mbele ya watu wanaojua kuzomea. Mshindi alipwe, na jina lake liandikwe kwa ukubwa sawa na la mkandarasi.

Na nyimbo zisisahauliwe. Katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya Black Star na Lucky Star vilivitia magitaa ya umeme katika taarabu, na pwani nzima ikageuza shingo kuitazama Tanga. Bi Shakila, aliyefariki mwaka 2016, alitokea Pangani akaimba katika vikundi hivyo. Waliomsikia redioni Mombasa na Unguja hawakuhitaji kuelezwa Tanga iko wapi. Stesheni inayotangaza kuondoka kwa treni kwa kengele ya umeme iliyonunuliwa pamoja na spika ingeweza kutangaza kwa mapigo manane ya muziki wa mji huo. Gharama yake ni ndogo kuliko jani moja la ule mkonge.

Wasio na imani na haya watasema tungoje, kwanza reli ifike, urembo baadaye. Wanaosema hivi wanadhani ukuta utabaki mweupe ukimngojea mshairi. Hautabaki. Wauza simu, wauza sabuni na wauza bahati nasibu hawangoji kualikwa. Hupima ukuta siku rangi inapopakwa, hulipia miaka mitatu kwa mkupuo, nao wana waandishi wao wa kutia vina.