Mpeni tabibu wa sindano maswali, si makofi

Tabibu wa sindano za Kichina ana sura mbili tu kwenye runinga zetu. Filamuni ni mzee wa ndevu nyeupe na siri nyingi, anayekugusa shingoni ukazima kama taa. Kwenye vipindi vya asubuhi ni mgeni nadhifu mwenye koti jeupe, anayezungumza hadi muda wake kuisha bila kuulizwa alisomea wapi. Mtazamaji mwenye mgongo unaouma hapati la kumfaa katika sura yoyote kati ya hizo.

Katika Kiss of the Dragon ya mwaka 2001, Jet Li ni afisa wa usalama kutoka China aliyetumwa Paris. Sindano anazobeba mkononi zinalemaza watu, na ya mwisho inaua. Katika The Karate Kid ya 2010, Jackie Chan anamuumika mtoto aliyeumia mguu kwa vikombe vya moto, na mtoto anarudi ulingoni siku hiyo hiyo. Burudani safi, na hatuna ugomvi nayo. Sinema kazi yake ni kupiga chuku. Ugomvi wetu ni na vyumba vya habari, ambavyo vikienda kliniki vinaleta picha zile zile: uso uliojaa sindano, filimbi kwa mbali, mtangazaji anayejifanya kuogopa, kisha kicheko na matangazo ya biashara.

Mganga wetu ameshapitishwa njia hii. Filamu za Nigeria zilizojaa kwenye runinga zetu miaka ya 2000 zilimvika shuka nyekundu, zikampa kibuyu na kumpaka chokaa kuzunguka jicho moja. Huku nje, nguzo za katikati ya jiji zikabandikwa karatasi za "mganga kutoka" huku na kule, na nambari ya simu chini: mapenzi, kazi, mali iliyoibwa. Mzee wa Kilifi anayeijua vyema mitishamba yake akajikuta kapu moja na tapeli wa nguzoni, kwa sababu hakuna kamera iliyojisumbua kuwatofautisha. Sasa ni zamu ya Mchina.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Nairobi ina kisa chake katika habari hii, na ni nadra kukisikia kikisimuliwa. Novemba 2010, kamati ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika iliketi hapa hapa jijini, KICC, ikaiingiza tiba ya sindano ya China kwenye orodha yake. Katika kikao hicho hicho ziliingia ngoma ya flamenco ya Uhispania na mlo wa sherehe wa Wafaransa. Utamaduni, lakini. UNESCO haikusema sindano inaponya chochote, kama ambavyo haikusema mlo wa Wafaransa unapunguza sukari. Nasi Kenya tulikuwa na mazoea yanayofanana na hayo: kwa miaka mingi mganga aliyetaka cheti alielekezwa idara ya utamaduni, si Wizara ya Afya. Ndipo ikaja Sheria ya Afya ya 2017, iliyotaka tiba asili na tiba mbadala ziundiwe sera na chombo cha kuzisimamia. Kazi hiyo imefikia wapi? Swali hilo pekee linatosha kipindi kizima cha nusu saa.

Je, sindano inasaidia? Jibu la kweli halikai vizuri kwenye kichwa cha habari. Mwaka 2012 watafiti walikusanya matokeo ya wagonjwa 17,922 wenye maumivu sugu ya mgongo, shingo, bega, magoti na kichwa. Waliodungwa walipata nafuu zaidi kuliko wasiodungwa. Lakini walipolinganishwa na waliopewa sindano za kuigiza, tofauti ilikuwa ndogo. Uingereza yenyewe imeyumba: taasisi yake ya miongozo ya tiba, NICE, iliikataa sindano kwa maumivu ya kiuno mwaka 2016, kisha mwaka 2021 ikaikubali kwa aina nyingine ya maumivu sugu. Kwa hiyo anayesema ni ushirikina mtupu anakosea, na anayesema inatibu kisukari, ugumba na saratani akae chini aonyeshe ushahidi wake.

Chumbani kwenyewe hakuna maajabu ya kuuza tiketi. Unaulizwa unalalaje na unakula nini. Unatoa ulimi, unatazamwa. Vidole vitatu vinakaa kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, kulia halafu kushoto. Sindano haina tundu wala dawa ndani. Ni nyembamba mno kuliko ile ya chanjo, hushushwa kwa kibomba cha plastiki na kugongwa kidogo kwa ncha ya kidole. Kisha unalala pale kama dakika 20 au 30, ukisikiliza honi za matatu barabarani. Hatari zipo: sindano iliyotumika mara mbili hueneza maradhi, na iliyozamishwa vibaya kifuani yaweza kutoboa pafu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya mafunzo na usalama wa kazi hii tangu 1999. Hayo ndiyo ya kuonyesha.

Watangazaji wasituambie hawana uwezo wa kuchunguza. Mwaka 2014 KTN iliripoti jinsi mhubiri wa jijini alivyotumia permanganeti ya potasiamu kugeuza maji yawe mekundu mbele ya waumini, na nchi nzima ikatazama. Lakini tunakumbuka pia Loliondo, mwaka 2011, kamera za Kenya na Tanzania zilipofuata kikombe cha dawa cha shilingi 500 za Tanzania kijijini Samunge. Foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi, wagonjwa wakafia njiani, na picha nyingi zilizotufikia zilikuwa za foleni.

Kanuni za maadili chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinadai usahihi na haki. Haki hapa ina pande mbili: tabibu aliyesomea kazi yake asifanywe kinyago, na asiyeisomea asipewe mimbari. Kutoka vyumba vya habari vya Kimathi Street au Harry Thuku Road hadi kliniki za Kilimani si safari. Matatu ya 46 inafika. Mwandishi aingie, aombe kuona cheti na aulize kimetolewa na nani. Aulize pakiti ya sindano inafunguliwa mbele ya mgonjwa au la, na iliyotumika inatupwa wapi. Aulize ni wagonjwa gani huambiwa warudi hospitalini. Halafu amtafute daktari wa mifupa, naye aseme lake. Na kama kituo kimelipwa kumkalisha tabibu studio, neno TANGAZO likae kwenye skrini tangu anapoketi hadi anapoondoka, kwa herufi kubwa sawa na za nambari yake ya simu.