Pittsburgh Pirates: Mrushaji bora wa ligi, timu ya mkiani, na vijana wanaosubiriwa

Timu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates, ya jimbo la Pennsylvania hapa Marekani, ilimaliza msimu wa 2025 ikiwa imeshinda mechi 71 na kupoteza 91, na ikashika mkia katika kundi lake la timu tano. Anayetazama msimamo wa ligi peke yake ataona hakuna cha kuchambua. Lakini timu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na mrushaji bora wa ligi yake, na katika vikosi vyake vya chini imekuza vijana ambao wapenzi wa mchezo huu nchi nzima wanawataja kwa majina, na miongoni mwao yumo mmoja kutoka Uganda. Ndiyo maana tumeona tuitazame kwa undani.

Kwa wasomaji wetu walioko nyumbani ambao mchezo huu hawaufuatilii, besiboli ni ndugu wa kriketi. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne. Akifika mwisho timu yake inapata mkimbio mmoja. Kila timu inapiga zamu tisa. Msimu una mechi 162, karibu kila siku, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Kwa hiyo timu kufungwa leo si habari. Habari ni namna inavyofungwa, na Pirates mwaka 2025 waliufanya mtindo wao wenyewe.

Chukua siku kumi tu. Kuanzia Juni 27 hadi 29 Pirates waliwakaribisha New York Mets, timu ya matajiri, wakawafunga mechi zote tatu kwa jumla ya mikimbio 30 kwa 4. Wakaja St. Louis Cardinals, nao wakafungwa tatu mfululizo bila kupata hata mkimbio mmoja: 7-0, 1-0, 5-0. Mashabiki wa Pittsburgh wakaanza kupiga hesabu za miujiza. Timu ikapanda ndege kwenda Seattle, na huko ikafungwa mechi tatu, nayo bila kupata kitu: 6-0, 1-0, 1-0. Katika mechi ya mwisho ya Seattle, Paul Skenes alirusha zamu tano, akawatoa wapigaji kumi, hakuruhusu mkimbio hata mmoja. Wakapoteza.

Huyo Skenes ndiye kiini cha mjadala wote. Alichaguliwa wa kwanza nchi nzima mwaka 2023, akaingia Ligi Kuu Mei 2024 na kutwaa tuzo ya mchezaji bora mpya. Mwaka 2025 aliruhusu wastani wa mikimbio 1.97 kwa kila zamu tisa, akawatoa wapigaji 216 kwa kuwakosesha mpira, na akapewa tuzo ya Cy Young kwa kura zote 30. Na je, alishinda mechi ngapi? Kumi. Alipoteza ngapi? Kumi! Ni sawa na kuwa na golikipa asiyefungika katika timu ambayo washambuliaji wake hawajui goli liko upande gani.

Takwimu za upigaji zinasema hivyo hivyo. Pirates walipata mikimbio 583 kwa msimu mzima, michache kuliko timu yoyote kati ya 30 za Ligi Kuu. Mapigo ya kuvusha mpira nje ya uzio yalikuwa 117, nayo machache kuliko yote. Oneil Cruz, jitu la Jamhuri ya Dominika, alipiga mpira mmoja mwezi Mei uliotoka kwenye gongo kwa kasi ya karibu kilomita 198 kwa saa, mkali kuliko wowote uliowahi kupimwa tangu vipimo hivyo vianze mwaka 2015. Huyo huyo alimaliza msimu na wastani wa .200, ambao kwa mchezaji wa nafasi yake ni wa kutia aibu. Kocha Derek Shelton alifukuzwa Mei 8 timu ikiwa na ushindi 12 na vipigo 26. Mrithi wake, Don Kelly, alishinda 59 na kupoteza 65, si vibaya, lakini kocha hapigi gongo.

Kwa mtazamo wetu kosa haliko kwa vijana wala kwa kocha. Liko kwenye mfuko. Besiboli ya Marekani haina kikomo cha mishahara, na Pirates ni miongoni mwa wanaotumia kidogo kabisa. Mkataba mkubwa kuliko yote waliyowahi kumpa mchezaji huru ni dola milioni 39, nao ni wa kabla ya msimu wa 2015, mwaka ambao ndio wa mwisho kwa wao kufika mtoano hadi kufikia msimu huu tunaouzungumzia. Aprili 2025, siku ya mechi ya kwanza nyumbani, mashabiki waliimba wakimtaka mmiliki Bob Nutting aiuze timu. Mwezi huo huo klabu ikaondoa ukutani alama ya Roberto Clemente, nguli aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1972 akipeleka msaada wa tetemeko Nicaragua, na kuweka tangazo la kinywaji. Watu walipopiga kelele, alama ikarudishwa. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha klabu inatazama wapi.

Sera yao ni kusubiri mavuno ya shambani. Na mavuno yapo, hatukatai. Konnor Griffin, kijana wa Mississippi aliyezaliwa 2006, alicheza mechi 122 za ligi za chini mwaka 2025 na kupiga wastani wa .333, mapigo 21 ya kuvusha uzio na vituo 65 vya kuiba, akiwa na miaka 19. Bubba Chandler aliitwa Agosti na kuonyesha mara moja kwamba mkono wake ni wa Ligi Kuu. Wengi waliona alicheleweshwa bure. Lakini ahadi si mchezaji. Henry Davis naye alichaguliwa wa kwanza nchi nzima mwaka 2021, na mwaka 2025 alipiga .167.

Sasa tuje kwa wetu. David Matoma ni mrushaji kutoka Uganda ambaye Pirates walimsajili mwaka 2023 na kumpeleka ligi za chini, akirusha mpira kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Hakutoka hewani. Uganda imekuwa na besiboli ya watoto kwa miaka mingi. Mwaka 2011 timu yao ilifuzu fainali za dunia za watoto hapa hapa Pennsylvania ikanyimwa viza, na mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali hizo. Klabu hii pia ndiyo iliyompandisha Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 26, 2017, Mwafrika wa kwanza kucheza Ligi Kuu. Tusisahau kwamba Ngoepe alisajiliwa 2008. Ilimchukua karibu miaka tisa, na msimu ule alichezea Pirates mechi 28 tu. Kwa hiyo wanaotuuliza Matoma atapanda lini, tunawaomba wawe na subira.

Ambaye muda wake unahesabika ni Skenes. Kwa kanuni za ligi klabu inammiliki mchezaji kwa miaka sita, na katika ile mitatu ya mwanzo inamlipa inavyotaka juu ya kima cha chini. Ndiyo maana mrushaji bora wa ligi alilipwa dola 875,000 mwaka 2025, wakati wenzake wa kiwango chake wanalipwa makumi ya mamilioni. Lakini kanuni hizo hizo zinamweka huru baada ya msimu wa 2029. Kama Griffin na Chandler watakomaa, watakuwa na misimu michache tu ya kucheza naye, na klabu italazimika kununua angalau wapigaji wawili wa kweli ndani ya muda huo. Dirisha ni dogo, na mwaka wake mmoja umekwisha tumika kupoteza mechi 1-0.