Moto nyuma ya nyumba: anayewasha anajibu, na komini nayo inajibu

Jioni ikikaribia, katika mitaa ya Butembo na Beni moshi huinuka kati ya nyumba. Ni majani yaliyofagiliwa, maganda ya mihogo, karatasi za shule, nguo zilizochakaa na masashe. Kila mtu anachoma vyake ndani ya parsele yake, lakini moshi haujui mpaka wa parsele. Tuulize basi, wapendwa: sheria inasema nini?

Wengi wanadhani haisemi kitu. Inasema. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya nchi yetu, kilichoandikwa mwaka 1888 na kinachotumika hadi leo, kinaeleza katika kifungu cha 258 kwamba aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuilipa. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kukosa uangalifu. Moto wa takataka ukirukia nyumba ya mbao ya jirani, kusema "sikukusudia" hakufuti deni. Kwa wakulima, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuacha moto usiozimwa ambao unaweza kushika majani. Msomaji wa Biblia hashangai: Kutoka 22:6 inamdai malipo mtu aliyewasha moto ukateketeza mavuno ya mwingine.

Lakini sheria haimbani raia peke yake. Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu miji na komini inaipa komini kazi ya usafi na ya kukusanya takataka. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inazitaka Serikali, jimbo na miji kusimamia taka kwa namna inayolinda afya ya watu. Agizo la tarehe 30 Desemba 2017 lilipiga marufuku masashe, na bado tunayabeba kutoka sokoni kila siku. Sasa mama aliyekatazwa kuchoma, akakatazwa pia kutupa katika mto Kimemi, na haoni gari la takataka likipita, afanye nini? Achimbe shimo? Katika parsele nyingi familia za wakimbizi wa vita zimebanana na wenyeji, na nafasi ya shimo haipo. Kumtoza faini mama huyo bila kumwonyesha mahali pa kupeleka takataka si haki.

Beni ina sababu nyingine ya kuangalia moto. Tangu Oktoba 2014 waasi wa ADF wameua watu na kuchoma nyumba katika vijiji vya eneo hili. Moshi mzito pembeni ya mji unaweza kuwakimbiza watu kabla hawajajua kwamba ni magugu tu yanayoungua. Kumwarifu mkuu wa mtaa na majirani kabla ya kuchoma rundo kubwa ni kazi ya dakika chache, na inawaepusha watoto na wazee na mbio za bure.

Tunaweza kufanya nini kabla gari la takataka halijaja? Kwanza tutenganishe. Maganda na majani ni mbolea. Penye nafasi yaoze shimoni, yarudi shambani. Masashe na betri za tochi visiingie motoni kamwe, kwa sababu moshi wake una sumu inayoingia katika vifua vya watoto na kutua juu ya sombe bustanini. Pili, anayelazimika kuchoma majani makavu asubiri upepo utulie, awe mbali na nyumba na meza za wauza petroli, aweke maji karibu, na asiondoke mpaka majivu yapoe.

Tatu, tuanze na viwanja vya makanisa na vya shule zetu. Parokia yenye shimo la mbolea na gunia la masashe inaweza kwenda kwa mkuu wa komini bila aibu. Butembo zipo komini nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Beni nayo ina nne: Beu, Bungulu, Mulekera na Rwenzori. Wachungaji na wazee wa makanisa wapeleke kwa kila moja barua fupi yenye maswali mawili: takataka zipelekwe wapi, na zitachukuliwa siku gani? Jibu likipatikana, lisomwe katika matangazo ya Jumapili, ili kila nyumba ijue wajibu wake na wa komini.